Shangazi, nimfundishe mzee kuvaa kanzu wakati ana mabinti wanne?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana, nasoma mwaka wa tatu shahada ya tiba kwa vitendo, yaani fani ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nina jambo la fildi na jambo la nyumbani, na yamenikuta kwa wakati mmoja mpaka sijui lipi linanikosesha usingizi.

La fildi ni hili. Tumepangiwa hospitali moja kubwa ya mjini. Mgonjwa wangu ni mzee wa Magomeni, mstaafu wa bandarini, amepata kiharusi na kupooza upande wa kulia. Maneno yanamtoka kwa shida lakini anaelewa kila kitu, hata utani. Ana mabinti wanne, na sijawahi kuingia wodini nisimkute mmoja wao pembeni ya kitanda. Wanamlisha, wanamwogesha, wanamvalisha, wanampaka mafuta miguuni. Wanasema kabla ya kuumwa alikuwa hakosekani barazani jioni, anacheza bao na wenzake mpaka adhana ya magharibi.

Nilimpima kwa Barthel, kipimo cha namna mtu anavyojimudu kula, kuvaa, kwenda chooni na mengine kama hayo, akapata 45 kati ya 100. Kwenye mpango wangu nikaandika lengo la kwanza: mgonjwa aweze kuvaa mwenyewe. Siku ya kuanza nikamwomba binti mkubwa akae pembeni, nikamkabidhi mzee kanzu yake. Alihangaika sana. Kanzu ilimkwama kichwani, mkono wa kulia ukawa umening'inia tu nje, jasho likamtoka. Nilikuwa nimefundishwa nisikimbilie kusaidia, kwa hiyo nikasubiri. Binti akanyanyuka, akamvalisha baba yake, halafu akanigeukia mbele ya wodi nzima: "Dada, huyu amezaa watoto saba. Unataka avae peke yake kama hana watu? Tumekuja hapa kutibiwa, hatujaja chekechea." Mzee alifumba macho, hakunitazama tena siku ile.

Msimamizi wangu akaniambia nisijisumbue, niandike kwenye faili kwamba familia haitoi ushirikiano. Nikaandika.

Tangu hapo, Shangazi, kila nikifungua kitabu naona neno lile lile: kujitegemea. Vitabu vyetu vinatoka Marekani, Uingereza na Kanada. Mgonjwa wa kwenye mifano anaishi peke yake na paka, anataka kurudi kuendesha gari na kujipikia tambi. Kwetu mtu akiugua nyumba inajaa. Bibi yangu Kilosa alipougua, shangazi zangu walikuja kwa zamu, na angeachwa ajivalishe mwenyewe ingekuwa aibu ya ukoo mzima. Sasa mimi ninayewaambia watu waache kumhudumia baba yao, ninatibu au ninaharibu? Inawezekana nasomea kitu ambacho si cha kwetu?

La nyumbani ni baba. Ni fundi magari, ana gereji ndogo Temeke. Alitaka niwe daktari ila matokeo yangu ya PCB hayakufika huko, nikapata kozi hii. Bodi ya Mikopo inanilipia sehemu, yeye anajazia. Akiulizwa nasoma nini anasema "udaktari wa viungo". Mjomba amemwambia kozi yangu ni ya kufundisha wagonjwa kusuka vikapu na kwamba nitakaa nyumbani na cheti. Baba sasa anataka nihamie fiziotherapia, "kwani hiyo watu wanaijua", au niache kabisa nirudie mitihani ya kidato cha sita niombe udaktari. Zamani nilikuwa namjibu. Baada ya lile la wodini nimekosa jibu, na fomu ya kuhama kozi ninayo kwenye begi.

Nifanyeje, Shangazi?

Mwanafunzi wa fildi, Temeke

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na faili, maana hiyo sentensi yako ya "familia haitoi ushirikiano" imeniudhi kuliko maneno ya binti mkubwa. Nimekuwa muuguzi wodini miaka mingi kabla ya kustaafu, na najua sentensi hiyo huandikwa lini: huandikwa mtu anapotaka kufunga mjadala aende kunywa chai. Watu wanaopika alfajiri Magomeni, wakapanda daladala na hotipoti mapajani, wakakaa kwenye benchi mpaka saa ya kuona wagonjwa, hao ndio wasiotoa ushirikiano? Wanatoa mno. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaonyesha wautoe wapi. Ulichokwisha kuandika kimeandikwa, lakini ukurasa unaofuata ni wako. Andika kwamba familia inamhudumia mgonjwa kikamilifu na inahitaji kufundishwa namna ya kusaidia. Msimamizi akiuliza, mwambie kwa adabu kwamba hilo linampa mtu kazi ya kufanya kesho, na lile la kwanza halimpi.

Sasa swali lako la kwamba kitu hiki si cha kwetu. Ndiyo, kimetoka huko huko unakosema. Machi 1917 watu wachache walikutana Clifton Springs, jimbo la New York, wakaanzisha chama cha kwanza cha fani yako. Mwenyeji wao, George Barton, hakuwa daktari. Alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu, akapasuliwa mguu, kisha akapooza upande wa kushoto, akajirudisha kwenye uhai kwa bustani na useremala. Kwa hiyo fani hii ina damu ya mgonjwa tangu siku ya kwanza. Na mjomba wako, mpe haki yake, hakukosea historia: baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari majeruhi walisukishwa vikapu kweli. Amekosea karne tu.

Ila usidhani wenyewe huko hawajagombana juu ya hilo neno kujitegemea. Wamegombana sana. Michael Iwama, mtaalamu wa fani yako mwenye asili ya Japani aliyekulia Kanada, alichapisha kitabu mwaka 2006 akieleza mfano aliouunda pamoja na wenzake wa Japani, wa maisha kama mto wenye kingo, mawe na magogo. Hoja yao ilikuwa hii hii ya kwako: Mjapani hajioni kama mtu mmoja aliyesimama mbali na watu wake, kwa hiyo kumpima kwa kujitegemea peke yake ni kumpima kwa kipimo cha mtu mwingine. Kingo za mto ndizo familia, nyumba, mtaa. Ukiziacha kando hujauona mto. Kama hamjafika huko darasani mtafika, na kama mmeshafika ukapita ili ufaulu mtihani, rudi ukasome tena ukiwa na mzee wa Magomeni kichwani.

Kwa hiyo si lazima uchague kati ya vitabu na ukoo wako. Swali lenye faida ni jingine: mzee mwenyewe anataka kurudi kwenye nini?

Hili sijaliona kwenye barua yako. Umeniambia Barthel imetoa 45. Umeniambia lengo uliloandika wewe. Umeniambia anachotaka binti, anachotaka msimamizi, anachotaka baba yako. Mzee umemtaja akihangaika na akifumba macho, basi. Mnao ule usaili wa Wakanada, COPM, ambao mgonjwa anataja mwenyewe shughuli zinazomuuma kuzikosa, kisha anazipa alama kuanzia 1 hadi 10 namna anavyozifanya na anavyoridhika nazo. Uliufanya? Au uliujaza hosteli usiku kwa sababu mzee haongei vizuri? Nakuuliza kwa sababu nimewaona wanafunzi. Mtu asiyeweza kutamka anaweza kunyooshea kidole picha, anaweza kuitikia kwa kichwa, anaweza kubana mkono wako mara mbili. Inachukua muda, na muda ndio pekee mwanafunzi alionao kuliko daktari wa zamu.

Na jibu lenyewe umelipita ukiwa njiani. Umeandika kwamba alikuwa hakosekani barazani na bao lake. Mimi niliposoma hapo nikasema, huyu msichana ameshapata dawa na ameiweka mfukoni. Hebu fikiria bao linataka nini mkononi: kuingiza vidole kwenye shimo, kukusanya kete, kuzishika kiganjani zisidondoke, kisha kuziachia moja moja, shimo kwa shimo, huku ukihesabu na kumwangalia mwenzako anapanga nini. Kuna koni za plastiki za kwenye sanduku la idara zinazoweza kumshinda hilo? Halafu koni zinamfanya mzee wa bandarini ajione mtoto, ndiyo maana binti alisema chekechea. Hakukosea sana. Leteni bao wodini. Kama kete ni ndogo mno kwa sasa, anzeni na kitu kikubwa kidogo, mbegu za ubuyu hazifai, tafuteni kokoto laini. Aketi wima, miguu ikanyage chini, mkono wa kulia uwe mezani hata kama mwanzoni hauwezi kitu, na mkono wa kushoto uubebe wa kulia mpaka shimoni. Binti mmoja awe mpinzani. Hapo hujaiondoa familia; umeipa upande wa pili wa ubao.

Lakini sitaki usome barua yangu ukadhani nasema mabinti wako sawa kwa kila kitu. Hawako sawa. Mkono usiotumika ubongo unaacha kuushughulikia, na upendo wa kufanyiwa kila kitu unaharakisha hilo. Mmarekani Edward Taub alijenga tiba nzima juu ya jambo hilo: mkono ulio mzima, usioumwa, unafunikwa kwa glavu nene ili mgonjwa alazimike kuutumia ule ulioumwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 likiwa na wagonjwa 222 wa kiharusi lilionyesha kwamba waliofanyiwa hivyo walirudisha matumizi ya mkono kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tiba hiyo inahitaji kifundo na vidole viwe vimeanza kujongea, kwa hiyo usimfunge mzee wa watu glavu kesho asubuhi. Ninachotaka uchukue ni hoja ya kumpa binti. Ukimwambia "baba ajitegemee", anasikia "mwacheni". Ukimwambia "mkono huu tukiubeba kila siku utasahau kazi", anasikia habari ya mkono, na mkono wa baba yake anautaka.

Nenda kwake kwanza, kabla hujamgusa mzee. Ni mkubwa kwako, mwamkie. Mwombe radhi kwa kumkalisha pembeni, maana ulimtoa kwenye nafasi yake mbele za watu, na kwa binti mkubwa hiyo si nafasi ndogo. Halafu mwombe akuonyeshe anavyomvalisha baba yake. Utajifunza mengi kwa kuangalia tu. Nina karibu hakika kwamba utaona wanamvuta kwa mkono uliopooza wanapomketisha, au wanamnyanyua kwa makwapa. Bega la mtu aliyepooza limelegea. Ukivuta linachomoka mahali pake kidogo kidogo, na maumivu yake yanaweza kumfanya akatae mazoezi yote yanayofuata. Hilo peke yake ukiwafundisha umeshawasaidia: wamshike kiunoni na nyuma ya bega, na akikaa, mkono ule ulale juu ya mto, usining'inie.

Kisha kanzu. Mzee alishindwa kwa sababu alipewa kanzu kama wewe unavyopewa. Kanzu inalazwa mapajani, mgongo wake ukiwa juu na shingo ikielekea magotini. Mkono mgonjwa ndio unaingia kwanza kwenye mkono wake wa kanzu, unavutwa mpaka upite kiwiko. Usipopita kiwiko utatoka, na hapo ndipo kichwa kinapokwama. Mkono mzima unafuata, kichwa mwisho. Kuvua ni kinyume: mkono mgonjwa unatoka wa mwisho. Binti anaweza kufanya hatua mbili za kwanza na mzee akamalizia kichwa. Akishaweza kichwa, mwachieni na mkono mzima. Ukiandika kwenye mpango "mgonjwa anavaa kanzu akisaidiwa kuingiza mkono wa kulia tu", Barthel itakupa 5 badala ya 10 na dunia haitaanguka.

Liko jingine ambalo nadhani hakuna aliyelisema kwa sauti. Huyu ni Mwislamu, mstaarabu wa pwani, na mkono uliopooza ni wa kulia. Wanamlisha kwa sababu hawezi kula kwa mkono wa kulia na hataki kuonekana anakula kwa wa kushoto. Nimewaona wazee wakikonda kwa jambo hili, chakula kipo na mkono mzima upo. Si kazi yako kutoa fatwa. Mwombe binti amwite imamu wa msikiti wao aje kumjulia hali, na amweleze mzee mwenyewe kwamba mwenye udhuru ana ruhusa yake. Maneno hayo yakitoka kwa imamu yana uzito ambao koti lako jeupe halina. Huku mkiendelea kuufundisha mkono wa kulia: chukua kijiko, kizungushie mpira wa ndani wa baiskeli mpaka mpini uwe mnene wa kushikika, na chini ya sahani weka kitambaa kibichi isikimbie. Udhu vilevile, kopo lenye mpini na kiti kifupi. Hayo ya udhu na sala ukimuuliza, nakuhakikishia atafumbua macho.

Choo sijui kwao kikoje, lakini nyumba nyingi za Magomeni ya zamani zina choo cha kuchuchumaa, na mtu aliyepooza upande hachuchumai. Nenda ukaone nyumba kabla hajaruhusiwa, au mwambie binti apige picha za njia kutoka kitandani mpaka chooni, na kila kizingiti. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu kinafaa kwa kuanzia ila kinateleza sakafu ikiwa na maji. Bora mafundi wa vyuma wa mtaa wa Gerezani wamchomelee fremu ya bomba yenye mikono pande zote mbili, na bomba jingine la kushikia ukutani. Ni upande wa kushoto kwake anapokaa, usije ukaliweka upande uliopooza. Kitabu chako kinaita hiyo kubadili mazingira. Baba yako angeiita kazi ya nusu siku.

Na hapo tumefika kwa baba yako.

Rafiki yangu mmoja alisomea stashahada ya fani hii Moshi, hospitali ya KCMC, walikotoka wengi wa watangulizi wako hapa nchini kabla shahada hazijaanza. Anasema miaka yote watu wamemwita fiziotherapia na amechoka kusahihisha. Wewe baba yako usimpe maelezo ya darasani. Mweleze kwa mfano wa gereji. Fundi amekatwa vidole viwili na mashine. Daktari wa upasuaji anafunga kidonda. Fiziotherapia anahakikisha vifundo havikakamai na nguvu inarudi. Wewe unamuuliza: spana utaishikaje sasa, vifungo vya shati utafungaje, na kama spana haishikiki, mpini wake tuubadilishe au wewe tukubadilishie kazi humo humo gereji? Wote watatu wanahitajika na hakuna aliye mtoto wa mwenzake. Fundi magari ataelewa hilo kabla chai haijapoa.

Kuhusu kazi sitakudanganya. Nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira za Mtoa Tiba kwa Vitendo ni chache ukilinganisha na za wauguzi. Waliosomea nao ni wachache. Ila usiangalie hospitali kubwa za Muhimbili, MOI na CCBRT peke yake, ingawa huko ndiko kila mwanafunzi anakotamani. Watoto wenye usonji na wenye mtindio wa ubongo wako kwenye shule na vitengo kama Sinza Maalumu na Uhuru Mchanganyiko, na wazazi wao wanatafuta mtu wa kuwaambia mtoto ashikeje penseli au akaeje kwenye kiti. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unagharamia pia utengamao, yaani kumrudishia uwezo mfanyakazi aliyeumia kazini, na viwanda vya Barabara ya Nyerere vinaumiza mikono kila mwaka. Jifunze mikono vizuri, ni eneo ambalo watu wanalikwepa kwa sababu anatomia yake ni ngumu.

Kuna swali moja la kuuliza idara yenu mapema: je, programu yenu imeidhinishwa na Shirikisho la Dunia la fani yenu, lile lililoanzishwa mwaka 1952? Linadai mwanafunzi amalize angalau saa 1,000 za fildi. Weka daftari lako la saa likiwa na sahihi kila wiki, usingoje mwisho wa muhula kumkimbiza msimamizi kwenye korido. Siku ukitaka kufanya kazi au kusoma zaidi nje ya nchi, jibu la swali hilo na hilo daftari vitakuwa na thamani kuliko GPA.

Kuhama sasa, mwaka wa tatu, maana yake ni kuanza karibu upya, na mkopo wa Bodi uliopewa kwa kozi hii huwezi kudhani utakufuata tu. Ukitaka kujua, kaulize Bodi wenyewe kabla ya kalamu kugusa fomu. Lakini mimi nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mstari mmoja unaosema wewe unataka fiziotherapia, au wewe unataka udaktari. Haupo. Kuna baba anataka, mjomba anasema, binti wa mgonjwa amefoka. Wewe umeandika kwa urefu juu ya mzee na kanzu yake, ukaniuliza kama unatibu au unaharibu. Asiyeitaka fani haulizi hivyo. Anauliza lini muhula unaisha.

Kwa hiyo toa fomu kwenye begi. Jumamosi nenda gereji mwenyewe, ukae na baba saa ambayo hana mteja, umweleze ule mfano wa spana, na umwambie jina la kozi kwa kinywa chako: tiba kwa vitendo. Hayo mambo ya ajira na Shirikisho ayasikie kwako kabla mjomba hajamfikia. Na ukiwa hapo, mwombe kipande cha mpira wa ndani kwa ajili ya kile kijiko.